Mashine ya Marekani, santuri ya Uingereza, umeme wa Nairobi

Msomaji wa Buruburu ameandika hivi: "Habari fundi. Sisi ni kundi la wapenzi wa roki na metali ya progresivu, na kila mwisho wa mwezi tunakutana kuonyeshana tulichonunua. Mwezi huu nilileta Close to the Edge ya Yes, santuri ya Uingereza yenye namba K 50012 niliyoipata Kenyatta Market, na Blackwater Park ya Opeth, mpya, santuri mbili. Ndugu yangu aliye Marekani amenitumia mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda, yenye katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya AT-VM95C, nami naitumia na transfoma ya kushusha umeme. Muziki unatoka mzito, kama umechoka, halafu karibu na mwisho wa kila upande sauti inachanika. Wenzangu wanasema ile ya Yes ni bandia na ile ya Opeth imefyatuliwa vibaya. Nimebakiwa na shilingi 15,000 na nilitaka Foxtrot ya Genesis na Scenes from a Memory ya Dream Theater, zote kwa santuri. Niendelee, au nirudishe hizi kwanza?"

Ndugu yangu, usirudishe kitu. Kwa dalili ulizotaja, kuna kila uwezekano kwamba santuri zote mbili ni nzima. Una shida mbili zisizohusiana: ya kwanza inatoka kwenye soketi ya ukutani, ya pili inatoka kwenye ncha ya sindano. Tuanze na ya ukutani, maana mpaka uitibu hiyo huwezi kuhukumu santuri yoyote, iwe mpya au ya mtumba.

Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta 120V 60Hz, na waya wa umeme unaingia moja kwa moja ndani bila adapta, ugonjwa tumeupata. Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Transfoma yako inashusha volti hadi 120, na hilo ndilo lililoiokoa mota isiungue. Hezi haiwezi kuzigusa: zikiingia 50, zinatoka 50. Sasa mota ya mashine nyingi za mkanda za aina hii ni sinkronasi, yaani kasi yake inafuata hezi na si volti. Imeundwa kwa hezi 60, inapewa 50, basi inazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika inazunguka mara 27.8.

Kimuziki huko ni kushuka kwa nusutoni tatu na ushei. Noti ya A ya hezi 440 inatoka kama hezi 367, karibu na F shapu. Umeliita "kuchoka", na ni neno sahihi, kwa sababu kasi na kimo cha sauti vimeshuka pamoja. Jon Anderson wa Yes ana sauti ya juu mno kwa mwanamume. Ukiishusha hivyo anakuwa mtu mwingine kabisa, na sikio linagutuka papo hapo. Kwa Opeth kosa hilohilo linajificha. Mngurumo wa Mikael Åkerfeldt ukishuka nusutoni tatu bado ni mngurumo, na gitaa nzito zikizidi uzito sikio huchukulia kwamba ndivyo zilivyorekodiwa. Ndiyo maana wenzako wakaona bandia huku na ufyatuaji mbovu kule, mahali palipo na kosa moja.

Pima mwenyewe, ni kazi ya dakika tatu. Bandika kikaratasi pembeni mwa sinia linalozunguka, washa, weka saa ya simu dakika 3, uhesabu mizunguko. Kasi sahihi hutoa mizunguko 100 kamili. Ukipata 83, ni hezi. Ukipata 97 au 98, au hesabu ikabadilika kila unaporudia, hapo mkanda umelegea au mafuta ya ekseli yamekauka, na hiyo ni tiba nyingine. Unaweza pia kuthibitisha kwa santuri yenyewe: upande A wa Close to the Edge ni wimbo mmoja wa dakika 18 na sekunde 40 na kitu. Kwako utachukua zaidi ya dakika 22.

Tiba ya kwanza ni puli, kile kigurudumu kidogo kilichokaa juu ya mota na kuzungukwa na mkanda. Watengenezaji kama Dual na Thorens walitoa puli za hezi 50 na za hezi 60 kwa ajili ya masoko tofauti, kwa hiyo ikiwa mashine yako ni ya zamani ya ukoo huo, tafuta puli ya hezi 50 kabla ya kufikiria jambo lingine. Isipopatikana, fundi wa kukereza vyuma pale Kariobangi Light Industries anaweza kukutengenezea ya brasi au aluminiamu, ilimradi umpelekee vipimo sahihi.

Na hapo kwenye vipimo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anapima puli ya zamani, tuseme ni milimita 10, anazidisha kwa 1.2, anapata 12, inakerezwa 12. Anairudisha kwenye mashine na bado kasi iko chini kwa asilimia moja na nusu. Kipenyo kinachofanya kazi ni cha puli pamoja na unene wa mkanda. Mkanda ukiwa na unene wa milimita 1, kipenyo chako halisi ni 11. Mara 1.2 ni 13.2. Toa ile milimita ya mkanda, unabaki na 12.2, na hicho ndicho kipimo cha kumpa fundi. Pima kwa kaliparo, si kwa rula, upime mkanda na puli kila kimoja peke yake. Kama puli ina ngazi mbili, ya 33 na ya 45, zote mbili zinahesabiwa hivyohivyo. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye ukubwa huu linakupotosha kwa karibu asilimia 0.8, na wengi hawatalisikia. Tundu la katikati ndilo la kusimamia kwa ukali: likikaa upande hata kidogo, kila mzunguko wa mota utayumbisha sauti. Ukitaka kusikiliza kama kuna kuyumba, tumia noti ndefu za piano. Mellotron, kinanda ambacho kimejaa kwenye santuri za Genesis na King Crimson, isikudanganye, maana chombo hicho chenyewe hupiga kanda na huyumba kwa asili yake.

Jambo moja zaidi kuhusu mota. Ya hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 na volti zilezile 120 hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Iendeshe saa moja, zima, chomoa waya, kisha uiguse. Uvuguvugu hauna neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, puli haitakusaidia. Achana na mashine hiyo.

Tiba ya pili ni inveta ndogo ya mawimbi safi ya sine inayotoa volti 120 kwa hezi 60, ikilishwa na betri ya volti 12. Mota ya aina hii inakula wati chache, kwa hiyo hata inveta ndogo kabisa inatosha, na mashine inarudi kwenye kasi yake bila kukereza chochote. Lakini inveta zinazouzwa mjini kwa kawaida hutoa volti 240 na hezi 50, kwa hivyo hii nayo itabidi itoke kwa ndugu yako. Asikununulie ile ya bei ya chini yenye mawimbi ya kukatwakatwa. Mota itanguruma, na mngurumo utapanda kwenye sinia hadi kwenye sindano.

Mimi ningechagua puli kama mashine ni nzuri na mota haichemki. Kama ni ya kawaida tu, iuze kwa anayerudi Marekani, ununue yenye adapta iliyoandikwa 100–240V 50/60Hz. Hiyo kwa kawaida ina mota ya DC, isiyofuata hezi za ukutani, na haijali umeme wa nchi gani.

Sasa kuchanika kwa sauti. Santuri huzunguka kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho, ila mfuo (mchirizi anamopita sindano) wa nje una safari ndefu kuliko wa ndani. Ukingoni, sindano inapita karibu sentimita 51 za mfuo kwa sekunde. Karibu na lebo inapita 21 tu. Sekunde ileile ya muziki imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Chukua sauti ya hezi 10,000, mng'ao wa matoazi: kule ndani wimbi lake moja lina urefu wa maikroni 21 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). AT-VM95C yako ina sindano ya ncha ya mviringo, na nusu kipenyo cha ncha hiyo ni takriban maikroni 15. Ncha nene namna hiyo haiwezi kuingia kwenye kona za mawimbi madogo hivyo. Inaruka juu yake, inagongagonga, na unachosikia ni matoazi yanayogeuka mchanga na herufi s za mwimbaji zinazotema mate.

Muziki tunaoupenda unaumia hapa kuliko muziki mwingine wowote. Nyimbo ni ndefu, na mtunzi anahifadhi kilele kwa dakika za mwisho, yaani analeta ngoma zote, gitaa zote na sauti zote mahali ambapo santuri ina nafasi ndogo zaidi. Kwenye Close to the Edge sikiliza mwisho wa upande B, pale Siberian Khatru inapokwenda mbio. Upande A unaisha kwa sauti za ndege na maji, kwa hiyo utakuficha kosa. Kwenye Blackwater Park ni ule wimbo wa mwisho wenye jina la albamu, dakika 12 zinazofungia upande wa nne.

Kabla hujanunua sindano nyingine, weka sawa hii uliyo nayo, kwa mpangilio huu. Kwanza uzito. AT-VM95 zote zinataka gramu 2.0, na zinaruhusu kati ya 1.8 na 2.2. Tumia mizani ndogo ya kidijitali kama ya sonara, ile inayosoma sehemu moja ya mia ya gramu, na sindano ikae kwenye kimo kilekile cha santuri, si juu zaidi. Watu wanaogopa uzito, wanaweka gramu 1.5 wakidhani wanaitunza santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi inadundadunda ndani ya mfuo na kuchonga kuta zake, na mchongo huo haufutiki. Bora 2.1 kuliko 1.6.

Pili, pembe ya katriji. Chapisha protrekta ya santuri yenye alama mbili, milimita 66.0 na milimita 120.9 kutoka katikati ya kijiti cha sinia. Ukichapishia saiba, mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100 bila "kutosheleza ukurasa", kisha upime karatasi kwa rula kabla ya kuiamini. Karatasi iliyopungua asilimia tatu inakupa pembe mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Legeza skrubu mbili za katriji, isogeze mpaka ubavu wake uwe sambamba na mistari kwenye alama zote mbili, kisha kaza kidogokidogo ukibadilishana skrubu. Pima uzito tena, maana kusogeza katriji kumeubadilisha. Kizuizi cha kuvutwa ndani, kile kitufe kidogo karibu na mzizi wa mkono, kiweke kwenye namba inayolingana na gramu.

Ukishafanya hayo, kuchanika kutapungua lakini hakutakwisha, kwa sababu umbo la ncha ni lilelile. Hapo ndipo pesa yako ya kwanza inapotakiwa kwenda. Uzuri wa familia ya AT-VM95 ni kwamba mwili wa katriji ni mmoja: unachomoa sindano ya C kwa vidole na kuchomeka ya E, ambayo ni ya umbo la yai, au ya ML, iliyo nyembamba zaidi na inayosoma mfuo wa ndani karibu kama wa nje. Kwa progresivu, sindano ya ML ni ununuzi wenye maana kuliko santuri yoyote unayoweza kuleta mwezi ujao, kwa sababu inazifanya santuri zote ulizo nazo kuwa mpya. Ikizidi mfuko wako, E pekee ni hatua kubwa. Andika tarehe ulipoiweka. Kulingana na umbo na mtengenezaji, sindano hudumu kati ya saa 300 na saa 1,000, na saa 300 ni albamu 400 za dakika 45.

Sindano mpya haitakiwi kugusa santuri ya Kenyatta Market kabla haijaoshwa. Vumbi jekundu la Nairobi ni mchanga, na likikaa mfuoni linasaga kuta na ncha kwa pamoja. Changanya mililita 200 za pombe ya isopropili ya asilimia 99 na mililita 800 za maji yaliyotoneshwa, uongeze tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Maji hayo yanauzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu ileile. Surgical spirit ya duka la dawa usiitumie, ina mafuta yanayobaki mfuoni, na vitakasa mikono vina gundi. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, mwaga mililita 25 hivi, sugua kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifuo, usikate katikati. Suuza mara mbili kwa maji ya betri matupu. Isimamishe kwenye kichanja cha sahani nusu saa. Maji ya mfereji yanaacha chumvi, na chumvi inatatarika kama bisi. Kama siku moja utapata santuri za kale za 78, hizo zisiguswe na mchanganyiko huu hata tone: nyingi ni za shelaki, na pombe huiyeyusha.

Turudi kwenye shutuma ya ubandia. Namba K 50012 haithibitishi wala haikanushi lolote, kwa sababu Atlantic ya Uingereza iliitumia kwa albamu hiyo miaka mingi baada ya kutoka mwaka 1972. Huenda yako ni toleo la baadaye, na toleo la baadaye si bandia. Pa kusoma ni ule ukingo mtupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Inamisha santuri chini ya taa na utaona herufi zilizochongwa: namba ya albamu, herufi ya upande, na namba ya mkato, yaani ni mara ya ngapi muziki ulichongwa kwenye sahani mama. Namba ndogo maana yake ni mkato wa mapema. Kwenye santuri nyingi za Kiingereza za enzi hiyo utakuta pia maneno "A Porky Prime Cut", ambayo ni sahihi ya mkataji George Peckham, na ukiiona kwenye santuri ya progresivu furahi, alijua kazi yake. Bandia kwa kawaida huumbuka kwenye jalada: picha zenye ukungu, maandishi madogo yaliyovimba wino, rangi zilizofifia kwa kuwa jalada limepigwa picha kutoka kwa jalada lingine.

Kauli kwamba toleo la kwanza la Uingereza daima ndilo bora siikubali. Mara nyingi limekatwa kutoka kwenye kanda iliyo karibu zaidi na asili, hilo ni kweli. Lakini santuri iliyoishi Nairobi tangu miaka ya 1970 huenda ilipigwa kwenye redio-gramu yenye katriji ya kauri, iliyokandamiza kwa gramu 5 au zaidi, na sindano isiyobadilishwa kwa miaka. Ukiiweka kwenye mwanga, mfuo uliochoka unaonekana wa kijivu hasa sehemu zenye kelele, badala ya mweusi unaong'aa. Hiyo haioshwi ikapona. Mikwaruzo ya juu isiyokamatwa na ukucha inatisha macho tu. Kijivu ndicho cha kukimbia.

Kuhusu shilingi 15,000. Foxtrot ni albamu ya dakika 51 kwenye santuri moja, na upande B pekee unapita dakika 24 kwa sababu umebeba Supper's Ready yenye karibu dakika 23. Santuri inapumua vizuri kwa dakika 18 hadi 22 kila upande. Ikizidi hapo, mkataji hana budi kupunguza sauti na besi ili mifuo isigongane, na unapoongeza sauti kwenye amplifaya unaongeza na kelele za chini. Ndiyo sababu Close to the Edge, yenye pande za dakika 19, inasikika na mwili mpana kuliko Foxtrot au Selling England by the Pound, hata kwenye mashine moja. Kwa hiyo Foxtrot inunue kwa santuri baada ya sindano, si kabla. Ukiisikia kwa ncha ya mviringo utaichukia bure, na haistahili.

Scenes from a Memory ni dakika 77 zilizotungwa mwaka 1999 kwa ajili ya CD, hadithi moja isiyokatika. Inunue kwa CD. Ukiwa na santuri utaamka kuigeuza mara tatu katikati ya hadithi, na utalipa mara kadhaa zaidi kwa sauti iliyotoka kwenye rekodi ileile. Hata kama huna mashine ya CD, deki ya DVD iliyo chini ya televisheni inaisoma. Toa sauti kwa nyaya zile nyekundu na nyeupe hadi kwenye amplifaya. CD ya mtumba iangalie upande wa lebo kwanza. Data imekaa chini kidogo tu ya lebo, na mkwaruzo wa juu unaua kuliko wa chini. Iinue kwenye taa: ukiona vitundu vya mwanga, irudishe.

Kwenye metali kuna suala la muziki uliobanwa, ambapo kila kitu kimepandishwa sauti mpaka ngoma zikapoteza kishindo. Vapor Trails ya Rush ya mwaka 2002 ilibanwa kiasi kwamba mwaka 2013 ilitolewa upya ikiwa imechanganywa na David Bottrill, yule aliyefanya kazi na Tool kwenye Lateralus. Ukiinunua, nunua ile ya 2013. Tofautisha rimasta na rimiksi: rimasta inang'arisha mchanganyiko uliokwisha kamilika, rimiksi inarudi kwenye kanda zenye kila chombo peke yake na kuanza upya. Rimiksi za Steven Wilson za King Crimson, Yes na Jethro Tull ni za aina hii ya pili, na Close to the Edge ya 2013 inafaa kuwa nayo kando ya santuri yako kwa sababu utasikia besi ya Chris Squire ikiwa na nafasi yake. Wala usidanganyike na vipimo vya upana wa sauti vinavyoonyesha santuri ikiishinda CD. Santuri iliyokatwa kutoka kwenye rekodi ileile iliyobanwa hutoa namba kubwa kwa sababu ukataji unahamisha vilele vya mawimbi, ngoma hazijafufuka.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba ushuru na VAT ya asilimia 16 huhesabiwa pamoja na usafiri na bima, si bei ya santuri tu, kwa hivyo kila shilingi ya usafiri inatozwa pia. Santuri moja na jalada lake ni gramu 230 hadi 300. Mbili nzito za gramu 180 zenye jalada la kukunjua zinapita gramu 500. CD kwenye kasha lake ni kama gramu 100. Sanduku la kwanza ndilo ghali, santuri ya pili ndani yake inaongeza kidogo. Kwenye kundi lenu agizeni pamoja, watu watatu sanduku moja, mgawane usafiri kwa uzito. Gramu 180 zenyewe msizilipie ziada. Uzito hauongezi chochote kwenye mfuo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya ule ukingo wenye maandishi pande zote mbili, na picha ya santuri chini ya taa moja ya pembeni. Kama ameandika VG+ (daraja la hali ya santuri, "nzuri sana na zaidi"), muulize ameipiga au ameiangalia kwa macho tu. Halafu mwambie aitoe santuri nje ya jalada, aiweke kwenye mfuko wake wa ndani nyuma ya jalada, na kadibodi mbili kila upande. Ikisafiri ndani ya jalada, kila sanduku linapoangushwa ukingo wa santuri unagonga mshono, na jalada la Roger Dean, mchoraji wa Close to the Edge, linafika limepasuka juu na chini.